KILA NANI? Neno Moja la Kiingereza katika Katiba ya Ukoo Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo mjini Columbus, Ohio, jioni ya kuamkia siku ya kupigia kura katiba ya chama)



Kamati ya maandalizi imeniomba nizungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza, neno fupi la herufi nne: "each". Najua wapo watakaonong'onezana kwamba mzee ametoka Louisville kuja kufundisha watoto wa Ohio lugha waliyozaliwa nayo. La hasha. Vijana wetu wanalijua neno hili kuliko mimi katika midomo yao. Mimi nimetumwa kulitazama lilivyokaa katika karatasi. Nimetumikia serikali nyumbani kwa miaka mingi, kuanzia karani wa masjala mjini Kigoma hadi afisa utumishi Dar es Salaam, na kazi ile humfundisha mtu jambo moja: waraka hauna uso. Hauwezi kutabasamu, hauwezi kukonyeza, wala hauwezi kusema "sikukusudia hivyo". Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa.

Kesho asubuhi tutapigia kura katiba ya chama chetu. Kwa kuwa chama kimesajiliwa katika jimbo la Kentucky, rasimu imeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya saba, inayohusu mfuko wa maziko, inasema kwamba akifariki mtu wetu, "each family" itachangia sawa. Maneno mawili tu. Nanyi nyote mnakumbuka maneno hayo mawili yalivyotufanya majira ya baridi yaliyopita, tulipofiwa kule Buffalo. Wa Louisville walisema "family" ni nyumba, kwa hiyo kila nyumba itoe. Wa Columbus walisema "family" ni mlango wa ukoo, na milango yetu ni mitatu, kwa hiyo mafungu ni matatu. Wa Buffalo, ambao ndio waliokuwa na maiti, walidhani ni kila mtu mwenye kazi. Tulimzika mzee wetu siku ya sita. Theluji haikutuchelewesha, wala si kwamba fedha hazikuwapo. Kila upande ulikuwa ukingoja upande wa pili useme huyo "each" ni nani. Tangu siku ile zipo nyumba mbili ambazo hazikanyagi mikutano yetu, na leo viti vyao vi vitupu. Basi neno hili si somo la darasani. Ni deni.

Nianze na lugha yenyewe.

Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana, "each" na "every". Wataalamu wa historia ya lugha hiyo wanasema "every" ilizaliwa na "each": katika Kiingereza cha kale maneno mawili yenye maana ya "daima" na "kila" yaliungana yakawa neno moja. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao hazifanani. "Every" hutazama kundi zima na kusema hakuna aliyebaki nje. "Each" hupita mbele ya watu, ikasimama kwa mmoja, ikamtazama usoni, kisha ikaenda kwa wa pili. Ndiyo maana "each" yaweza kutumika hata kwa watu wawili tu, mume na mke kwa mfano, lakini "every" huhitaji watatu au zaidi.

Sisi kwa Kiswahili tunayabeba yote mawili kwa neno moja, "kila". Nalo neno hili lina nasaba yake. Limetoka katika Kiarabu, "kull". Mwarabu hulitumia neno hilo kwa maana mbili: likifuatwa na nomino ya umoja isiyo bayana, huwa "kila"; likifuatwa na nomino ya wingi iliyo bayana, huwa "wote". Kiswahili kilipolichukua kililipa kazi moja tu, ile ya "kila", kwa sababu kwa kazi ya pili tulikuwa tayari na shina letu la Kibantu, "-ote". Tena mtaona kwamba "kila" limebaki na ugeni wake. Maneno yetu ya kusifu hukaa nyuma ya nomino: mtu mwema, watu wengi, nyumba tatu. "Kila" hukaa mbele, halikubali upatanisho wa ngeli yoyote, na hudai nomino ya umoja. Tunasema "kila mtu", wala hatusemi "kila watu".

Tofauti ya "kila" na "wote" inaonekana vizuri katika mfano wa msibani. Nikisema, "Wanaume wote walibeba jeneza," mtanielewa: jeneza moja, mabega mengi. Nikisema, "Kila mwanamume alibeba jeneza," mtashtuka, mtauliza, kwani yalikuwa majeneza mangapi? Au mtadhani walipokezana mmoja baada ya mwingine. "Wote" huwakusanya watu chini ya mzigo mmoja, na "kila" humkabidhi mtu mzigo wake. Lugha imeweka mambo mawili tofauti katika maneno mawili tofauti, na anayeyachanganya atachanganya na hesabu.

Kiswahili kina njia nyingine ya kugawa, nayo ni nzuri kuliko zote: kurudia neno. Mama akisema, "Wape watoto machungwa mawili," nitatoa machungwa mawili, wao wakate wagawane. Akisema, "Wape watoto machungwa mawili mawili," nitahesabu vichwa. Muuza nyanya sokoni akiita "mia mia!" hakuna anayedhani kwamba gunia zima ni shilingi mia. Daktari wa kwetu huandika juu ya bahasha ya vidonge 2 x 3, na muuguzi husoma, "mbili mbili mara tatu." Kiingereza hakina njia hii. Kinalazimika kutundika "each" mwishoni mwa sentensi kama mkia, na mkia ukikatika maana imekwenda. "Ndugu wawili walitoa dola mia": kwa Kiingereza kama kwa Kiswahili, huwezi kujua kama sanduku lilipata mia au mia mbili. Ongeza "each", au kwetu sema "mia mia", mashaka yanaondoka.

Wengi wenu mmekwisha kulipia neno hili bila kujua. Tiketi ya ndege ikiruhusu mizigo miwili ya kilo 23 "each", haikuruhusu mzigo mmoja wa kilo 46. Jumla ni ileile, lakini mbele ya mizani utalipishwa. Na wale mliokodi nyumba kwa pamoja, vijana watatu wanne katika jina moja la mkataba, someni tena maneno yanayosema wapangaji wanawajibika "jointly and severally". Maana yake ni kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mwenzako akihama usiku bila kuaga, mwenye nyumba ana haki ya kukudai wewe kodi yote, si robo yako. Hapo "kila mmoja" haina maana ya kila mmoja kwa fungu lake. Maana yake ni kila mmoja kwa deni zima. Ni neno zito, na si vizuri kulitia saini kwa haraka.

Sasa niingie katika kiini. Taabu ya "each" haimo ndani ya neno lenyewe. Neno lenyewe ni aminifu, husema "mmoja mmoja", basi. Taabu imo katika neno linalolifuata. Kila nini? Kila kichwa, kila nyumba, au kila mlango? Swali hili limewashughulisha watu wakubwa kuliko sisi, na limegharimu zaidi ya michango ya maziko.

Tazameni nchi hii tunayoishi. Mwaka 1787, wajumbe waliokutana Philadelphia kuandika Katiba ya Marekani walikaribia kuvunja mkutano kwa sababu ya swali hilihili. Majimbo makubwa yalitaka wawakilishi kwa kadiri ya watu. Madogo yalitaka kila jimbo lihesabiwe sawa. Wajumbe wa Connecticut, akiwamo Roger Sherman, wakaleta suluhu: ziwepo nyumba mbili za bunge. Katika Seneti, kila jimbo wawili. Katika Baraza la Wawakilishi, kwa kadiri ya vichwa. Angalieni matokeo yake katika majimbo yetu matatu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, Kentucky ilikuwa na watu wapatao milioni 4.5, Ohio milioni 11.8, na New York milioni 20.2. Katika Baraza la Wawakilishi, hesabu hiyo iliyapa viti 6, 15 na 26, mtawalia. Lakini katika Seneti ni wawili, wawili, na wawili. Jirani yangu wa Louisville na mpwa wangu wa Buffalo wote wana maseneta wawili, lakini jirani yangu anagawana wake na watu wachache mno. "Kila jimbo" ni usawa wa majimbo. "Kila mtu" ni usawa wa watu. Huwezi kupata usawa wote wawili kwa kipimo kimoja. Ndiyo sababu walijenga nyumba mbili.

Katiba hiyohiyo inatufundisha jambo la pili, chungu zaidi. Walipokubaliana kuhesabu vichwa, iliwabidi waseme kichwa ni nani. Wakaandika kwamba watumwa wahesabiwe kwa sehemu tatu za tano, yaani watu watano kwa hesabu ya watatu, ili kuamua viti na kodi. Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa hadi Desemba 1865; Ohio, ng'ambo ya mto uleule tunaouona Louisville, ilikuwa nchi huru; na Buffalo ilikuwa mlango wa kuvukia kwenda Kanada kwa waliotoroka. Ndiyo kusema, njia ya miji yetu mitatu ni njia waliyoikimbilia watu ambao neno "kila" liliwaacha nje. Hadi yalipokuja Marekebisho ya Kumi na Nne, mwaka 1868, ndipo Katiba ikasema zihesabiwe nafsi zote katika kila jimbo, na hata hapo iliwaacha nje Wahindi wasiotozwa kodi. Basi mtu akiwaambia "kila mtu", mwulizeni kwa adabu: je, na yule?

Nyumbani nako tulilijua jambo hili kwa njia ya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Kipimo kilikuwa kila nyumba. Watu wakafanya nini? Wakabanana. Palipokuwa na nyumba tatu pakabaki moja, watu wakalala kama dagaa juani, maana aliyejenga alitozwa na asiyejenga hakutozwa. Jambo hilohilo lilionekana Kenya chini ya Waingereza. Mwaka 1922 Waingereza walipotunga sheria yao Tanganyika waliunganisha mawili, kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, ili aliyekwepa mlango huu akamatwe katika mlango ule. Ng'ambo ya ziwa, kwa ndugu zetu wa Uvira na Kalemie, Mbelgiji alitoza kwa kila mwanamume mzima, na mwenye wake wengi akaongezewa. Somo ni hili: kipimo unachokichagua kinageuza maisha ya watu. Ukitoza kwa nyumba, watu watahamia nyumba moja, au angalau watadai wanaishi nyumba moja. Nasi, ndugu zangu, tusijidhanie malaika.

Wale mliopitia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kule Kasulu, mnajua kipimo cha tatu, kilichochanganya vyote. Kadi ya chakula ilikuwa ya nyumba, lakini mgao ulikwenda kwa idadi ya vichwa vilivyoandikwa katika kadi. Mtoto akizaliwa, ulikwenda kumwandikisha. Kabla hajaandikwa, alikula katika sahani ya wenzake. Na mlipokuja huku, deni la nauli ya ndege lilifuata vichwa pia. Nyumba ya watu tisa iliteremka uwanja wa ndege ikiwa na deni la tiketi tisa, na baba mmoja wa kulilipa. Mtu anapoambiwa baada ya hapo kwamba nyumba yake ni sawa na nyumba ya kijana mmoja asiye na mke wala mtoto, msishangae akikaa kimya.

Dini zetu nazo hazikuliacha jambo hili likaelea. Nitachukua mifano ya Uislamu kwa kuwa ndiyo niliyosomeshwa chuoni Ujiji, na ndugu zetu Wakristo wataniwia radhi. Zaka ya fitri ni ya kila kichwa: pishi moja, ndiyo vibaba vinne, kwa kila nafsi iliyomo nyumbani, hata mtoto mchanga, na mwenye nyumba ndiye huwatolea. Lakini katika kuchinja Iddi ya kuhiji, mbuzi mmoja huwatosha watu wa nyumba nzima. Ibada mbili, vipimo viwili, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu kila kipimo kimetajwa.

Katika mirathi ni wazi zaidi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, inapowapa wazazi wa marehemu aliyeacha mtoto, haisemi tu "wazazi sudusi". Inasema kila mmoja katika wawili hao apate sudusi. Aya ya 12 inapotaja ndugu wa upande wa mama wa mtu asiyeacha mzazi wala mtoto, inasema akiwapo kaka au dada, basi kila mmoja wao sudusi; wakizidi hapo, washirikiane katika thuluthi. Tazameni ufundi wa hukumu: wawili wanapewa mmoja mmoja, wengi wanapewa kwa pamoja. Na wake wa marehemu aliyeacha watoto, wawe mmoja au wanne, hugawana thumni moja. Si thumni kwa kila mke. Anayesoma bila kutenganisha "kila" na "wote" atagawa mali ambayo haipo.

Na huku Marekani, mtakapoandika wosia, mtakutana na maneno mawili ya Kilatini. Nitayaeleza kwa Kiswahili cha ukoo, maana sisi tunayo maneno yake. Kugawa "per stirpes" ni kugawa kwa milango. Kugawa "per capita" ni kugawa kwa vichwa. Tuseme babu ameacha dola 12,000. Alikuwa na watoto watatu. Mmoja yu hai. Wa pili alifariki akaacha mtoto mmoja. Wa tatu alifariki akaacha watoto wanne. Kwa milango, kila mlango hupata 4,000: aliye hai 4,000, yule mjukuu wa pekee 4,000, na wale wanne 1,000 kila mmoja. Kwa vichwa, walio hai ni sita, na kila mmoja hupata 2,000. Yote mawili ni "sawasawa". Sheria za majimbo hutofautiana, na Mwislamu ana mirathi yake, kwa hiyo msiandike kwa kunisikiliza mimi. Nendeni kwa wakili. Nilichotaka mkione ni kwamba neno "sawa" peke yake halijasema kitu mpaka useme sawa kwa nani.

Sasa turudi katika ibara yetu ya saba, tupige hesabu. Nitatumia tarakimu za mfano ili asionekane mtu. Tuseme mazishi yanahitaji dola 6,000. Tuseme tuna nyumba 20: Louisville 10, Columbus 6, Buffalo 4. Tuseme watu wazima ni 60, na tukiongeza watoto tunafika vichwa 120.

Tukisema kila mji, ni 2,000 kwa mji. Nyumba ya Louisville itatoa 200, ya Columbus itatoa zaidi kidogo ya 333, na ya Buffalo 500. Kosa la wa Buffalo ni lipi? Ni kuwa wachache tu.

Tukisema kila nyumba, ni 300 kwa nyumba. Mjane mwenye watoto watano atatoa 300. Nyumba ya ndugu watano, wote wana mishahara, itatoa 300.

Tukisema kila kichwa, mdogo kwa mkubwa, ni 50. Mjane na watoto wake watano ni vichwa sita, atatoa 300 palepale. Wale ndugu watano watatoa 250, yaani pungufu kuliko mjane. Hesabu ni sahihi, lakini Mungu hapendi.

Tukisema kila mtu mzima, ni 100. Mjane atatoa 100, wale ndugu watano 500.

Nafikiri mmekwisha kuona ninakoelekea. Lakini msiwe wepesi kupiga makofi, maana hata hapo "mtu mzima" huzaa maswali. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, lakini anakula kwa mkopo. Bibi yetu wa miaka themanini ni mtu mzima kuliko sote. Je, naye atozwe? Kila neno unaloliweka baada ya "kila" lina mpaka, na mpakani ndiko wanakosimama wanyonge.

Kwa hiyo napendekeza kwa heshima kwamba ibara ya saba iandikwe upya kwa lugha zote mbili, Kiingereza kwa ajili ya serikali ya Kentucky na Kiswahili kwa ajili yetu, na iseme mambo manne yasiyoachwa kwa busara ya mtu yeyote.

Kwanza, kila nani. Napendekeza: kila mwanaukoo aliyetimiza miaka 18 mwenye kipato chake, isipokuwa mwanafunzi na mzee asiyefanya kazi.

Pili, kiasi gani, tukitaja tarakimu, si neno "sawa".

Tatu, kila lini. Je, ni kila mwezi, au kila afapo mtu? Mimi naona ni heri kila mwezi, kidogo kidogo, kuliko kukimbizana na simu wakati maiti inangoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, nani anajaza pengo la asiyeweza. Hapa ndipo "kila" linapofika mwisho wake, na "wote" linapoanza. Mchango utoke kwa kila mmoja, lakini haki ya kuzikwa kwa heshima iwe ya wote: mtoto, mwanafunzi, mzee, aliyelipa na aliyeshindwa. Tusije tukaandika katiba inayosema kila mmoja atazikwa kwa fungu lake. Katika kutoa tuhesabu mabega, na katika kuzika tubebe jeneza moja.

Najua ipo hoja ya wazee wengine, nayo ina uzito. Wanasema nyumbani hatukuwahi kuhesabiana. Msiba ukitokea mwenye unga alileta unga, mwenye kuni alileta kuni, asiye na kitu alikuja na machozi yake na mikono ya kuchota maji. Kwa nini leo tuandikiane kama kampuni ya bima? Nawajibu hivi. Kule tuliishi mtaa mmoja. Kila mtu alimwona mwenzake amebeba nini. Aliyekuwa fukara alionekana ni fukara, akasamehewa bila kuomba. Huku, kutoka Louisville hadi Columbus ni kadiri ya maili 200, na kutoka Columbus hadi Buffalo ni zaidi ya maili 300. Hatuonani mizigo. Simu haionyeshi sufuria tupu. Maandishi hayaji kuondoa udugu wetu. Yanakuja kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na macho.

Wahenga walilitumia neno hili pande zote mbili. Walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, nasi tumelishuhudia hilo tangu majira ya baridi. Walisema pia kila mlango na ufunguo wake. Zile nyumba mbili ambazo viti vyao vi vitupu usiku huu hazikufungwa kwa chuki. Zilifungwa kwa sentensi. Napendekeza kwamba kura ikipita kesho, Katibu asiwapelekee barua. Waende wajumbe watatu, mmoja kutoka kila mji, wawasomee ibara mpya kwa Kiswahili, sebuleni kwao, kisha wanyamaze wawasikilize.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Rasimu zipo mezani karibu na mlango, nakala moja moja kwa kila mtu, si moja kwa kila nyumba. Zichukueni, mzisome usiku huu, mje na kalamu asubuhi.